Barua ya wazi kwa Hazina Kuu na Wizara ya Leba: msaada wa 2020 ulifika sebuleni, jikoni haukuingia

Waheshimiwa, salamu sana.

Naandika nikiwa Likoni, saa hii ni usiku na mamangu ashalala manake kesho lazima awahi feri ya alfajiri, avuke, apande matatu mpaka Nyali, afike kabla watoto wa watu hawajaamka kwenda shule. Hio safari anaifanya tangu mimi sijaingia darasa la kwanza. Mimi sina cheo wala chama, nilisoma historia chuoni na sasa niko kwa duka la simu, lakini kuna kitu nimekibeba tangu 2020 na kila nikisikia mnaongea kuhusu kuwakinga wananchi wakati uchumi ukianguka kinanirudia, kwa hivyo leo nimeamua nikitoe chote na naomba mnisome mpaka chini.

Mnakumbuka Machi 2020. Ndege za nje zikasimamishwa, hoteli za huku Pwani zikafungwa moja baada ya nyingine, kafyu ikaanza tarehe 27, alafu Aprili 8 ikawa hakuna kuingia wala kutoka Mombasa. Familia aliyokuwa anaifanyia kazi mamangu walikuwa na biashara ya kutembeza watalii, na watalii hawapo. Wakamwita wakamwambia mama pumzika kwanza, mambo yakikaa sawa tutakupigia. Wakampa elfu tatu na mfuko wa mchele. Siwalaumu na naomba nieleweke hapo, hawakuwa watu wabaya, nao walikuwa wameshikwa. Lakini mamangu alikuwa na miaka 46, analipwa 9,000 kwa mwezi mkononi, na siku aliyorudi nyumbani mchana (hajawahi kurudi mchana, sisi wote tulishtuka) hakukuwa na karatasi hata moja duniani inayosema huyu mtu alikuwa na kazi na sasa hana.

Sasa mkatangaza msaada, na nitasema ukweli, kwenye redio ulisikika vizuri. Tarehe 25 Machi Rais akasema anayepata mpaka 24,000 kwa mwezi asikatwe ushuru wa mapato hata shilingi. Wa juu wakashushiwa kutoka asilimia 30 hadi 25. VAT, ile kodi ya bidhaa, ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Bilioni 10 zikaongezwa kwa wazee, mayatima na wasiojiweza. Baadaye ikaja Kazi Mtaani, na Julai ikapanuliwa, vijana zaidi ya laki mbili wakapewa mafagio, koleo na mapanga ya kufyekea, 455 kwa siku, wakazibua mitaro na kufagia mitaa, na huku kwetu niliona kwa macho yangu ile kazi ilisaidia, kuna nyumba zilikula kwa sababu ya hio 455.

Mimi nikachukua kalamu usiku mmoja nikaanza kumtafuta mamangu humo ndani. Ushuru hajawahi kukatwa, kwa hivyo hakuna cha kuondolewa. VAT imeshuka lakini unga wa mahindi haukuwa na VAT toka mwanzo na sisi tulikuwa tunanunua unga, si fenicha. Pesa za Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, kwa upande wa wazee ni mpaka ufike miaka 70, yeye bado 24. Kazi Mtaani ni kuanzia 18 mpaka 35, yeye amepita kwa 11. Kulikuwa na ile elfu moja kwa wiki kwa familia zilizochaguliwa, kwetu haikufika, na sisemi tulionewa, orodha ilikuwa fupi na wenye shida ni mtaa mzima. Nikarudia hesabu mara mbili nikidhani nimeruka kitu. Mtu wa miaka 46, mwenye afya, mwenye mikono, aliyefanya kazi kila siku ya maisha yake, akawa si kijana wa kutosha, si mzee wa kutosha, na si mwajiriwa wa kutosha.

Na kuna jambo moja ndilo liliniuma kuliko yote. Bosi wake mke alikuwa ameajiriwa kwa ofisi, na ile kutoka 30 hadi 25 ilimfikia kwenye mshahara wake, yeye mwenyewe alimwambia mamangu kwa simu, kwa furaha tu, hakuwa na ubaya. Yaani msaada wa serikali ulifika mpaka ile nyumba. Ulivuka geti, ukaingia sebuleni, ukakaa hapo. Jikoni haukuingia.

Mamangu akaanza kuuza viazi karai kando ya barabara, kafyu ni saa moja jioni na watu wa viazi wanakuja saa hizo hizo moja, kwa hivyo mnajua wenyewe biashara ilikwendaje. Sitaki kukaa hapo.

Nataka niwapeleke Marekani ya 1933, na sababu si kwamba Marekani ni bora, naenda huko kwa sababu walifanya mambo makubwa kuliko sisi alafu wakakosea palepale tulipokosea sisi, na tunaweza kuona kosa lao liliwagharimu miaka mingapi.

Wakati Roosevelt anaapishwa kuwa rais, Machi 4, 1933, katika kila watu wanne wa kufanya kazi, mmoja hana kazi. Mabenki yanaanguka, watu wanapanga foleni kutoa akiba zao. Ndani ya siku mbili akayafunga mabenki yote nchi nzima, yakakaguliwa, yaliyo sawa yakaanza kufunguliwa wiki iliyofuata, na mwaka huohuo ikaundwa bima ya akiba ili benki ikifa mwenye akiba ndogo asife nayo. Hio ndiyo sehemu ya kurekebisha. Sehemu ya kuokoa akapewa mtu anaitwa Harry Hopkins, na huyu kwa kweli nampenda, alipewa dola milioni 500 za kusaidia majimbo na inasemwa katika saa mbili za kwanza za kazi alikuwa ashaidhinisha zaidi ya milioni 5. Anakumbukwa kwa kumjibu mwanasiasa aliyetaka mambo yangoje uchumi ujinyooshe wenyewe, kwamba watu hawali baadaye, wanakula kila siku. Baridi ya mwisho wa 1933 ikiingia, kwa miezi michache tu akawa na watu zaidi ya milioni 4 kazini kwenye barabara na shule.

Kulikuwa na kambi za vijana pia, kama Kazi Mtaani yetu lakini msituni, CCC waliiita. Wavulana wa 18 mpaka 25, dola 30 kwa mwezi, na katika hizo 30 dola 25 zilitumwa moja kwa moja nyumbani. Wakapanda miti karibu bilioni 3 kwa miaka 9. Hio ya 25 kwenda nyumbani ndiyo mimi huirudia kila nikiongea na watu, manake aliyepanga ile kitu alijua kijana hajaangukia mawinguni, nyuma yake kuna mama na wadogo zake. Wasichana lakini hawakuwemo kwenye hizo kambi. Mwaka 1935 ikaja WPA, mpango mkubwa wa serikali wa kuwapa watu kazi, mpaka inafungwa 1943 ilikuwa imewapa kazi watu kama milioni 8 na nusu, na humo ndani angalau kulikuwa na vyumba vya kushona, wanawake wanakaa na cherehani wanashona nguo za familia maskini na hospitali na wanalipwa na serikali. Shikeni hio ya cherehani, nitairudia.

Alafu ndiyo ikaja sheria yenyewe, ile kubwa, ya hifadhi ya jamii. Waziri wa Leba alikuwa mwanamke, Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kabisa kuwa waziri nchini mwao, na kamati iliyoandaa mpango aliiongoza yeye. Agosti 14, 1935 ikasainiwa. Pensheni ya uzeeni, bima ya kupoteza kazi, yaani kama ingekuwa 2020 na mamangu ni Mmarekani, hii ndiyo sheria ambayo ingemshika mkono siku ile aliporudi mchana.

Isingemshika. Ndani ya hio sheria kulikuwa na orodha ya kazi zisizohesabika, na mbele kabisa kwenye hio orodha ni vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa nyumba za watu. Maneno machache tu kwenye karatasi. Yakaacha nje karibu theluthi mbili ya wafanyakazi weusi wa nchi nzima, kwa sababu hizo ndizo kazi walizokuwa wameachiwa.

Msidhani hawakuambiwa. Wakili mmoja mweusi, Charles Hamilton Houston, alikwenda mbele ya kamati ya Seneti mwanzo wa 1935, muswada bado haujapita, akawaambia sheria yenu inafanana na chekeche, matundu yake yamepimwa yakatosha watu weusi wengi kupita wakaanguka chini. Aliwaambia mapema, na wakapitisha hivyohivyo. Na sababu iliyotolewa, waheshimiwa wa Hazina hapa naomba msikilize vizuri, ilitoka kwa mwenzenu. Waziri wa Fedha, Henry Morgenthau, aliwaambia wabunge kwamba kukusanya michango ya vibarua wa shamba na watu wa kazi za nyumbani itakuwa ngumu sana, mwajiri mmoja mmoja, jiko moja moja, nani atazunguka kukusanya. Wapo wanaosema ukweli wa ndani ulikuwa ni wabunge wa majimbo ya kusini hawakutaka mtumishi mweusi apate pesa isiyopitia mkononi mwa bosi wake, na wapo wanaosema ni kweli ilikuwa shida ya makaratasi. Kwa mama aliyeko jikoni sioni tofauti ni nini.

Mtu wa kwanza kupokea pensheni ya kila mwezi chini ya sheria hio alikuwa Ida May Fuller wa Vermont, Januari 1940, dola 22 na senti 54. Alikuwa karani wa mawakili. Alichangia dola 24 na senti 75 tu kwa jumla, akaishi mpaka miaka 100, akalipwa zaidi ya dola 22,000. Mimi namfurahia kabisa, hivyo ndivyo mtu anatakiwa azeeke. Lakini mwanamke aliyekuwa akifua nguo za mawakili hao, kama yupo, alingoja mpaka sheria iliporekebishwa 1950, na hata hapo ni wale wa kazi za kudumu kwa mwajiri mmoja, si mama fua wa leo hapa kesho pale. Kima cha chini cha mshahara nacho, sheria ilipita 1938, senti 25 kwa saa, watu wa kazi za nyumbani wakaingizwa 1974. Msichana aliyeanza kufua akiwa na miaka 20 mwaka sheria inapita, aliingia kwenye sheria akiwa na 56. Maisha yake yote ya nguvu yaliishia katikati ya hizo tarehe mbili.

Na huko nje mtaani hali ilikuwa ileile tunayoijua. Bronx, New York, wanawake weusi walikuwa wanasimama kwenye kona asubuhi na mfuko wenye aproni na viatu vya kazi, wanangoja mke wa mtu apite awachague, wafanye kwa saa, senti 15 mpaka 30, wengine chini ya hapo. Nilivyosoma hio sikuona New York. Niliona wale kina mama wanaokaa kando ya barabara Eastleigh wakingoja kuitwa kufua, niliona mamangu mwaka 2021 akitembea nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna nguo za kufuliwa.

Sasa turudi kwetu, na hapa ndipo ninapotaka mnijibu.

Ile sababu ya Morgenthau, kwamba watu hawa hawafikiki, labda 1935 ilikuwa na maana, hakukuwa na kompyuta, hakukuwa na simu mfukoni mwa kila mtu. Nyinyi hamuwezi kuisema. Oktoba 2024 SHA, ile bima mpya ya afya ya serikali, ilipoanza, mamangu alisajiliwa kwa simu, mimi mwenyewe nilimsaidia, *147#, kitambulisho, watoto, nyumba ina paa gani, maji mnatoa wapi, mnapikia nini. Asiye na mshahara rasmi akapigiwa hesabu yake, chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Sipingi bima ya afya, mamangu ana presha na tunaitaka ifanye kazi. Nasema tu kwamba ilipofika wakati wa yeye kuchangia, serikali ilimpata jikoni mwake kwa dakika chache. Ilipofika wakati wa kumpa, 2020, hakuonekana. Ni mama yuleyule, simu ni ileile, kitambulisho ni kilekile.

Na kwenye sheria ya mshahara yuko, msiniambie hayuko. Mwaka huo 2020 kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumba kwa Nairobi, Mombasa na Kisumu kilikuwa 13,572 na senti zake, yeye alikuwa anapata 9,000. Mwisho wa 2024 kikawa 16,113, yeye saa hii yuko 11,000 na hilo ongezeko aliliomba miaka miwili. Sheria yetu imemwandika vizuri kuliko ya Marekani ilivyowaandika wenzake, imemwandika tu alafu ikamwacha, hakuna mtu amewahi kubisha hodi kwenye geti kuuliza huyu mnamlipa ngapi na mnamchangia wapi.

Kwa hivyo naomba haya. Wasajilini wafanyakazi wa nyumba na kina mama fua sasa hivi wakati hakuna moto, si siku ya moto, manake siku ya moto orodha inaandikwa na anayemjua mwandikaji. Mwajiri aweze kutuma mchango wake wa NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, kwa mtu wa kazi za nyumbani kwa simu kama anavyolipa tokeni za stima, hata kama ni nyumba tatu tofauti kila moja siku mbili kwa wiki, kila nyumba itume kipande chake. Na mkitaka kumpunguzia bosi ushuru tena siku uchumi ukianguka, mpunguzieni, lakini nusu ya hilo punguzo liwe na sharti, aonyeshe anamshikilia mtu wake wa jikoni na anamlipa. Hapo msaada utaingia jikoni wenyewe bila ofisi mpya hata moja.

Na kazi za dharura zisiwe za fagio na koleo peke yake, na zisiishie miaka 35. Nilisema nitarudia cherehani. 2020 nchi nzima ilikuwa inatafuta barakoa na cherehani ziko kila mtaa huku kwetu, Likoni, Mtongwe, Kisauni, kina mama wa miaka 40 na 50 wanajua kushona kuliko kiwanda. Wanajua kupika kwa watu mia, wanajua kukaa na mgonjwa. Serikali ikilipa kijana kuzibua mtaro na isimlipe mama wa miaka 46 kumwogesha mzee aliyelala kitandani nyumba ya tatu, ni kwamba mmeamua moja ni kazi na nyingine ni tabia tu ya wanawake. Roosevelt na watu wake waliamua hivyo kwa sehemu kubwa, na wao angalau walikuwa na wale wa kushona.

Najua mtaniambia pesa hakuna na deni ni kubwa. Mimi si mtaalamu wa deni. Najua tu kwamba kile kiandikwe na kile kiachwe kwenye orodha kinaamuliwa siku moja, mezani, na watu wachache, na kikishaachwa kinakaa nje miaka 15, miaka 36. Houston alikwenda kuwaambia kabla hawajasaini. Mimi siwezi kuja mpaka kwenye kamati zenu, kwa hivyo nimeandika.

Mwaka jana kuna fomu nilikuwa namjazia mamangu, si lazima niseme ya nini. Tukafika kwenye mstari wa kazi. Nikamuuliza niandike nini, akasema andika hakuna. Nikamwambia mama, wewe uko na kazi miaka 22. Akasema hio si kazi ya kuandika, andika hakuna tupite. Tulibishana pale kitandani mpaka akaninyamazia. Nikaandika mfanyakazi wa nyumbani, nikampa asaini.

Siku mkikaa tena kupanga nani asaidiwe, kitambulisho chake mnacho na namba yake ya simu ni ileile aliyojisajili nayo.

Wenu,
binti wa mfanyakazi wa nyumbani, Likoni